Siku Bodi Ilipomkatalia Mzee Rutaihwa

Mzee Aristides Rutaihwa hakuwa mtu mkali, ila alikuwa mtu wa neno moja. Akishasema, limekwisha. Shule yake ya sekondari ya wasichana pale Izigo ilianzia ndani ya ghala la kahawa la baba yake, yeye na mkewe Immakulata wakipaka chokaa kuta kwa mikono yao, na tangu hapo halikukatwa dirisha wala haukupandwa mti bila yeye kusema. Walimu walimwita Mkurugenzi. Akitokea kwenye veranda ya ofisi wakiwa wanakunywa chai, walisimama wote, na yeye aliamini wanasimama kwa sababu wameridhika naye.

Immakulata, ambaye shule nzima ilimwita Maawe kama mtu anavyomwita mama yake kwa Kihaya, alifariki mwaka juzi wakati wa Kwaresima. Baada ya mazishi mzee aliifunga nyumba yao iliyokuwa ndani ya uzio wa shule, akahamia kwenye kibanja cha ukoo Ijuganyondo, pembezoni mwa mji wa Bukoba. Akawa anakuja Izigo kwa gari lake la zamani, anakagua, anatoa maagizo, anarudi kwenye migomba yake.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kulegea, na yeye hakuelewa ni kwa nini. Mwalimu wa fizikia aliacha kazi katikati ya muhula. Mpishi wa siku nyingi akafuata. Mwalimu wa baiolojia aliaga kwa ujumbe wa simu, wa maneno machache tu, kama mtu anayekimbia mvua.

Mkuu wa shule alikuwa Clavery Byarugaba, mwanafunzi wa mzee wa enzi zile alipokuwa bado mwalimu wa serikali. Alivumilia, akavumilia, halafu siku moja akamfuata mzee hadi kwenye gari.

"Mkurugenzi, watu hawaondoki kwa ajili ya mshahara. Mshahara unalipa, tena kwa wakati."

"Sasa wanaondoka kwa ajili gani?"

"Hawana wa kumwambia kitu."

"Mimi si nipo? Na wewe si upo?"

"Mimi nikiambiwa nakuletea, unasema utaona. Wewe ukija, wanasimama. Mtu aliyesimama hawezi kukueleza shida yake."

Clavery alikuwa na wazo, na alilitoa lote kwa mkupuo kabla ujasiri haujamwisha. Wafanyakazi wachague wenzao wawili waingie kwenye bodi ya shule, si kama wageni waalikwa, bali wajumbe kamili, wenye haki ya kusema na kupiga kura.

Mzee alilipima jambo hilo akiwa ameshika usukani. Bodi yake ilikuwa na padri wa parokia, nesi mmoja mstaafu, mzazi mmoja mwenye duka Muleba, Clavery, na yeye mwenyekiti. Kanuni zake aliziandika mwenyewe. Kila jambo liamuliwe kwa kunyoosha mikono, na walio wengi ndio washindi. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuuona mkono ulionyooshwa kinyume na wake. Wakiongezeka wawili, kitaharibika nini?

"Sawa," akasema. "Wachague."

Wakawachagua Maimuna na Restituta. Maimuna alikuwa mwalimu wa Kiswahili, mzaliwa wa Bilele mjini Bukoba, mwanamke mwenye sauti ya chini ambayo wanafunzi walilazimika kunyamaza ili waisikie. Restituta alikuwa matroni wa bweni, mtu wa pale pale Izigo, aliyekuwapo tangu siku za ghala.

Mzee alikuja kwenye kikao chao cha kwanza akiwa na karatasi kubwa iliyoviringishwa kwapani. Ilikuwa ramani ya ukumbi. Alikuwa ameichoresha kwa fundi, akaikosoa, akairudisha, ikachorwa upya, hadi madirisha yakawa marefu kama alivyoyataka na jukwaa likakaa upande wa mashariki. Juu ya mlango palikuwa na maandishi: Ukumbi wa Immakulata. Huko Ijuganyondo ramani hiyo ilikuwa inalala kitandani, upande ambao zamani alilala mkewe, ingawa hilo hakumwambia mtu.

Aliikunjua mezani. Padri aliisifia. Nesi mstaafu alivaa miwani, akasema madirisha yataingiza hewa nzuri. Ndipo Maimuna akanyoosha mkono.

"Mkurugenzi, naomba niseme kwa niaba ya walionituma. Ukumbi ni mzuri, wala hakuna anayeukataa. Lakini wenzetu wanaomba kitangulie kitu kingine. Wanaomba chumba cha watoto wachanga wa wafanyakazi."

"Watoto gani?"

"Mwalimu Annastella amerudi kazini na mtoto wake bado ananyonya. Anamwacha kwa jirani, mbali, mpaka apande bodaboda. Ikifika saa ya chai maziwa yanamjaa, anakwenda nyuma ya stoo ya kuni, anayakamua na kuyamwaga chini. Tumemkuta huko analia. Mwalimu wa fizikia naye aliondoka kwa sababu hiyo hiyo."

"Yeye aliniambia amepata kazi serikalini."

"Ndivyo alivyokuambia, mzee," Maimuna akasema.

Clavery alikohoa, akakumbusha kwamba hata sheria inampa mama muda wa kunyonyesha akiwa kazini.

"Muda anao," Restituta akasema. "Mtoto ndiye hayupo."

Mzee Rutaihwa aliona masikio yakimwaka moto. Hakupenda kuyasikia mambo ya maziwa yakisemwa mbele ya padri, na zaidi ya hayo hakupenda kuona mkono wa Restituta umelala juu ya ramani yake kana kwamba ni kitambaa cha meza.

"Nimesikia," akasema. "Tutaliangalia. Lakini ukumbi umeshaamuliwa. Leo tunazungumzia lini tuanze."

"Hapana, Mkurugenzi," Maimuna akasema, kwa upole ule ule. "Haujaamuliwa. Tumeitwa hapa tuamue."

Kisha nesi mstaafu, ambaye mzee alimhesabu kuwa mtu wake kabisa, akasema kanuni zinataka mikono, basi mikono inyooshwe. Wanaotaka chumba cha watoto kitangulie? Mkono wa Maimuna ukapanda, na wa Restituta, na wa nesi. Mwenye duka alisita kidogo, naye akanyoosha. Mzee akamgeukia Clavery. Mkono wa mwanafunzi wake huyo wa zamani nao ulikuwa juu. Padri alibaki akiitazama mikono yake mwenyewe mapajani.

Mzee aliiviringisha ramani taratibu, akasema kikao kimefungwa, akatoka. Njia nzima hadi Bukoba hakuliona ziwa, hakuona chochote.

Kilichomuuma si kushindwa. Kushindwa angekumeza. Kilichomuuma ni kwamba aliona aliyekataliwa ni Immakulata. Watu ambao mkewe aliwapikia, akawakalia matanga, akawashonea sare watoto wao, wamenyoosha mikono na kulifuta jina lake mlangoni. Basi akakaa Ijuganyondo. Simu za Clavery hakuzipokea. Alipalilia kahawa kwa hasira hadi mguu wake wa kulia ukavimba kama ulivyokuwa ukivimba kila alipouchosha, akashindwa hata kuvaa kiatu.

Siku moja alimpigia wakili wake wa mjini. Shule ni mali yake, na bodi anaweza kuivunja kwa barua moja. Wakili alipopokea na kusema, "Shikamoo, Mzee Rutaihwa," yeye akamwuliza habari za familia, akamwuliza mvua huko mjini zikoje, akaaga. Kwa miaka mingi alikuwa amesimama mbele ya watoto wa watu akiwafundisha uraia. Aliwafundisha kura ni nini. Barua ya kuivunja bodi hakuiomba.

Jumamosi iliyofuata, Maimuna na Restituta waliingia kwenye kibanja chake, mmoja amejitwika mkungu wa ndizi, mwingine ameshika samaki waliofungwa kwenye jani la mgomba. Mzee aliwakaribisha kama inavyopasa, akawaletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Wakachukua, wakatafuna, wakasifia shamba. Alingoja waseme lililowaleta. Hawakusema. Restituta akanyanyuka, akauliza kisu kiko wapi, akaenda jikoni kumenya. Maimuna akamfuata kwenda kuwasha moto.

Mzee alikaa peke yake sebuleni akisikiliza sauti zao. Jikoni mle hamkuwa na sauti za wanawake tangu ahamie. Mwishowe alishika fimbo yake akachechemea hadi mlangoni.

"Mmekuja kuomba radhi?"

"Hapana, Taata," Restituta akasema, akimwita baba kwa Kihaya, bila kuacha kumenya. "Tumekuja kuona mguu. Clavery kasikia umevimba."

"Mguu utapona."

"Basi tumeuona."

Maimuna aliinamia moto kuficha tabasamu. Mzee alivuta kigoda, akakaa pale pale mlangoni.

"Nyie mlikuwa mnampenda Maawe," akasema. "Au ni mimi niliyedhani hivyo. Sasa mbona mmemnyima jina lake?"

Restituta alikiweka kisu chini. Alijifuta utomvu wa ndizi mikononi, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Taata, unakumbuka ulivyotangaza wapishi wawe wanapumzika Jumapili kwa zamu?"

"Nakumbuka. Niliona wamechoka."

"Uliona, waitu," akasema kwa heshima. "Na nani alikuonyesha?"

Mzee aliikumbuka meza yao ya chakula kule Izigo, na Immakulata akimpakulia, akisema kama mtu anayejisemea mwenyewe: hivi umewaona wapishi siku hizi wanavyosinzia kanisani?

"Siku ile mchana mimi nilikuwa kwenye veranda yake," Restituta akasema. "Nimekaa chini, namenya ndizi kama hivi. Mimi ndiye niliyemwambia."

"Na mitihani ya kujipima?" Maimuna akadakia. "Mwaka ule ulipoibadilishia tarehe ili watu wawahi kuvuna kahawa yao? Walimu wote walikuwa wanalalamika, wakanituma mimi. Maawe akaniambia, niachie, namjua mwenyewe, nitamwambia akishamaliza kula."

Mzee aliitazama fimbo yake. Mambo yale aliyakumbuka vizuri, kwa sababu ndiyo aliyokuwa akijivunia. Aliposifiwa kwamba anawajua watu wake, ni hayo yaliyokuwa yakisifiwa.

"Kwa hiyo alikuwa ananizunguka," akasema.

"Hakukuzunguka," Restituta akajibu. "Alikuwa anakuletea. Wewe ukiletewa neno na mfanyakazi unalikalia. Ukiletewa na yeye linakuingia. Na usidhani kila tulilompelekea alilileta. Mengine alitukatalia pale pale. Anasema, hapo mume wangu yuko sawa, rudini kazini."

Hapo Maimuna alicheka waziwazi, na mzee, bila kutaka, naye midomo ikamlegea. Ilikuwa ni sauti ya Immakulata kabisa.

"Na watoto?" Restituta akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Wale watoto uliokuwa unawakuta kwenye mkeka wake ukija kunywa chai. Ulidhani wa nani?"

"Wa majirani. Aliniambia anawaangalia kidogo."

"Walikuwa wa walimu, Taata. Wa wapishi. Mama zao wanatoka darasani, wanapita pale, wananyonyesha, wanarudi. Hakukuambia kwa sababu aliogopa utasema shule si mahali pa watoto. Ulikuwa umeshasema hivyo siku moja mbele ya watu."

Alikuwa amesema, kweli. Na watoto wale aliwakumbuka. Mmoja alikuwa na tabia ya kukaa juu ya kiatu cha mzee na kushikilia suruali yake, naye mzee alikuwa anakunywa chai bila kusogeza mguu hadi mtoto atolewe. Yeye na Immakulata Mungu hakuwajalia mtoto. Kila alipomkuta na watoto wa watu mapajani alifikiri anajiliwaza, basi akanyamaza, asije akamtonesha. Na yeye Immakulata alikuwa amenyamaza kwa sababu zake. Wote wawili wamekaa kwenye veranda moja, miaka yote ile, kila mmoja akimhifadhi mwenzake.

Macho yalimjaa machozi. Maimuna aligeukia chungu, akakoroga kisichohitaji kukorogwa.

"Tangu aondoke hatuna veranda ya kwenda," Restituta akasema. "Ndiyo maana tumekuja huko kwenye bodi yako."

Walikula pamoja ndizi na samaki. Mzee aliongezwa mara mbili wala hakukataa. Kuhusu ukumbi hawakusema kitu tena.

Mguu ulipokubali kuingia kwenye kiatu, aliitisha kikao. Hakuleta ramani. Alisimama, jambo ambalo hakuzoea kulifanya akiwa mwenyekiti, akasema: "Nina nyumba hapa ndani. Mnaijua. Imefungwa bure. Ichukueni iwe ya watoto."

Alitegemea watu wafurahi. Nesi alifurahi, na padri akapiga makofi madogo. Lakini Maimuna na Restituta walitazamana.

"Tunashukuru sana, Mkurugenzi," Maimuna akasema. "Tutawauliza wenzetu."

"Mtawauliza nini tena? Si ndicho mlichokuwa mnataka?"

"Waliotutuma waliomba chumba. Nyumba yenu ni jambo jingine. Hatuwezi kuwapokelea bila kuwauliza."

Damu ya zamani ilimpanda mzee. Alimwangalia Clavery, na Clavery akaangalia dari. Akavuta pumzi, akakaa chini.

"Haya," akasema. "Mtaniambia lini?"

"Tukishakubaliana."

Kwa hiyo Aristides Rutaihwa akangoja. Hakuwahi kungojea jibu la watu aliowaajiri, na hakujua inafanywaje. Alikwenda na simu kwenye migomba, akarudi nayo. Alijiuliza kama wataikataa, na kwa nini wazo la kukataliwa sasa lilimtisha badala ya kumkasirisha. Kitu alichowapa safari hii kilikuwa chake hasa, na mtu akitoa kilicho chake hasa, hukaa roho juu.

Walikuja kumwambia wenyewe, wakamkuta ofisini kwa Clavery. Restituta ndiye aliyesema.

"Wenzetu wameipokea. Wanachukua sebule, jiko na veranda. Chumba chenu cha kulala wamesema hapana. Hicho kibaki chako."

"Mimi sikihitaji. Nina nyumba Ijuganyondo."

"Wamesema mtu asiondolewe kwake. Ukija Izigo uwe unalala hapa, siyo kuendesha gari jioni na mguu huo. Hilo tumelijadili sana, Taata. Mwalimu Annastella ndiye aliyelitoa."

Mzee alikubali kwa kichwa. Baadaye aliuliza kama wangependa aweke kibao mlangoni, chenye jina. Restituta alisema wanawake wamelizungumza pia, wakaona Maawe hakuwa mtu wa kupenda kutangazwa. Akalikubali hilo nalo, ingawa lilimchoma kidogo.

Alifungua mlango mwenyewe. Ndani palinuka vumbi na nguo zilizokaa muda mrefu. Walimu walikuja na ndoo na mafagio baada ya vipindi, na wasichana wa kidato cha nne wakaomba kusaidia. Mzee aliyatoa mapazia ukutani kwa mkono wake, akayakunja, akayapeleka chumbani, akakaa huko kidogo peke yake. Alipotoka waliendelea kusugua sakafu kana kwamba hawakuona kuwa alikuwa hayupo.

Asubuhi ya kwanza Annastella alikuja na mwanawe amembeba kwa kitenge. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye aibu, ambaye mzee hakukumbuka kama wamewahi kusemezana zaidi ya salamu. Mlezi, mama mmoja wa Izigo ambaye wafanyakazi wenyewe walimchagua, alikuwa nyuma akichota maji. Mzee, ambaye alikuwa amelala pale usiku wake wa kwanza, alikuwa ameketi kwenye veranda na kikombe cha kahawa. Kengele ikalia. Annastella akasimama kwenye ngazi, hajui aende au abaki.

"Una kipindi, mwalimu?"

"Ndiyo, Mkurugenzi. Kemia, kidato cha tatu. Namsubiri mlezi tu, nitawahi."

"Mlete."

Alisita, kisha akamfungua mtoto mgongoni. Mzee alikiweka kikombe chini, akampokea, akauliza jina la mtoto.

"Avit," Annastella akasema.

"Nenda, mwalimu. Wanakusubiri. Nipo."

Alikwenda huku akigeuka nyuma, hadi alipopotea pembeni mwa maabara. Mtoto alimtazama mzee usoni kwa muda mrefu, akakunja midomo kama anayetaka kulia, akaghairi, akashika ukosi wa koti na kuutia mdomoni. Baada ya muda kichwa chake kilianza kuwa kizito. Mlezi alikuja na ndoo ya maji, akanyoosha mikono ampokee, mzee akatikisa kichwa taratibu. Ng'ambo ya uwanja sauti za wasichana zilikuwa zikimjibu Annastella kwa pamoja, zikinyamaza, zikijibu tena. Mkono wa mzee uliingia ganzi, na kahawa ikapoa, naye hakusogea.